Tumeisifu Prosesa, Tumeisahau Chipseti

Mezani kwangu ipo mazabodi, yaani bodi kuu, ya kompyuta yenye prosesa ya Intel 286, ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaoiona huniuliza prosesa iko wapi, nami huwaonyesha kwanza chipu ya mraba yenye miguu 84, iliyoandikwa 82C206, kwa kuwa naamini chipu za aina hiyo ndizo zilizoishusha bei ya kompyuta kuliko prosesa yoyote.

IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, chipseti, yaani seti ya chipu chache zinazoihudumia prosesa, haikuwapo. Prosesa ya Intel 8088 ilizungukwa na chipu zenye kazi mojamoja: 8259 ilipanga foleni ya vifaa vinavyotaka kuhudumiwa, 8237 ilihamisha data kwenda kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, 8253 ilihesabu muda, na chipu ndogondogo kwa makumi zikajaza nafasi iliyobaki. PC/AT, kompyuta ya IBM iliyofuata mwaka 1984 na kutumia 286, ikazidisha msongamano, kwani ilihitaji 8259 mbili, 8237 mbili na saa ya betri. Chipu hizo ziliuzwa madukani, hivyo kuiga kompyuta za IBM kuliwezekana, ila kwa gharama.

Ndipo mwaka 1986 kampuni ya Chips and Technologies ya California, iliyoasisiwa na Gordon Campbell pamoja na Dado Banatao, mhandisi mzaliwa wa Ufilipino, ikaleta CS8220, seti ya chipu tano za kujengea mazabodi ya aina ya AT. Baadaye ikaja seti yake nyingine, NEAT, na ndani yake hii 82C206 iliyowameza wale 8259 wawili, 8237 wawili, kihesabu muda na saa, wote kwa mpigo. Intel, iliyokuja kuinunua kampuni hiyo mwaka 1997, wakati huo ilikuwa ikijulikana zaidi kwa prosesa.

Wapo wanaosema huko kulikuwa kuinakili IBM tu. Sikubaliani nao, maana aliyenakili alilazimika kunakili hata vituko. Katika AT, 8259 ya pili ilichomekwa kwenye njia namba 2, mojawapo ya njia ambazo vifaa huombea huduma, ya ile ya kwanza, kwa hiyo kati ya njia 16 zikabaki 15, na kadi zilizozoea namba 2 zikahamishiwa namba 9 kimyakimya. Mhandisi aliyejaribu kulinyoosha jambo hilo angeuza mazabodi safi isiyoendesha programu za watu.

Kituko ninachokipenda zaidi ni cha kristali, kidude kinachotoa mapigo ya kuendeshea chipu. PC ya kwanza ilikuwa na kristali ya megahezi 14.31818, mara nne ya masafa ya rangi katika televisheni za Marekani, ili picha iweze kupelekwa kwenye televisheni ya nyumbani. Ukigawa kwa 3 unapata 4.77 ya prosesa, ukigawa kwa 12 unapata mapigo ya kihesabu muda. Mazabodi yangu ina kristali nyingine kwa ajili ya 286, lakini pembeni kipo kidude cha fedha kilichogongwa 14.318, na kihesabu muda kilichomo ndani ya 82C206 bado kinafuata rangi za televisheni ambayo mashine hii haikuwahi kuunganishwa nayo.