Pesa ya safari moja: kimoja au viwili?

Wifi yangu, mke wa kaka, alinipigia simu akiwa kwenye varanda ya kliniki huko Kampala. Alikuwa ametoka Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na taksi ya alfajiri, ile inayoondoka hata muadhini hajamaliza. Ana miaka 34. Mirija yake ya uzazi yote miwili imeziba, kama ilivyo kwa wanawake wengi wa kwetu waliougua maambukizi ya nyonga yakatibiwa nusu au yasitibiwe kabisa. Maabara ilikuwa na viinitete vyake viwili, yaani mayai yaliyorutubishwa nje ya mwili kwa njia ya IVF, vya siku ya tano, vyote vizuri, na daktari alitaka jibu: waweke kimoja tumboni na kingine kigandishwe, au waweke vyote siku hiyo hiyo?

"Wifi, mimi pesa yangu ni ya safari moja. Niwekewe wote wawili, yaishe."

Sikiliza alivyosema. Hakusema "viwili", alisema "wawili". Daktari anahesabu viinitete, mama anahesabu watoto. Nadhani nusu ya mabishano juu ya jambo hili imejificha hapo, kwa maana kiinitete kilichowekwa si mtoto aliyezaliwa, na vingi havishiki kabisa. Lakini mtu aliyengoja miaka tisa humwambii habari za ngeli.

Nilimwambia aweke kimoja. Bado naamini nilisema sawa, ingawa yaliyofuata hayakunipa raha, nitayafikia.

Kwanza niwape haki yao wanaosema viwili, maana mara nyingi wanaandikwa kama watu wasioelewa. Wanaelewa vizuri sana. Mtoto wa kwanza wa njia hii nchini Uganda alizaliwa 2004, Kampala, katika hospitali ya wanawake ya Bukoto iliyoanzishwa na Dkt. Edward Tamale Sali. Zaidi ya miaka 20 imepita na mgonjwa bado anajilipia mwenyewe. Hakuna bima ya taifa inayobeba gharama, na jaribio moja linapita shilingi milioni 10 kabla hujahesabu nauli, vyumba vya kulala wageni na siku ambazo duka limefungwa. Wifi alikopa kwenye sako (chama cha kuweka na kukopa), kaka akauza kiwanja. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tujaribu kimoja kwanza" anakusikia ukisema "ulipe mara mbili".

Halafu kuna pacha wenyewe. Katika nchi nyingi zinazotoa miongozo ya kuweka kimoja, pacha ni habari njema yenye usumbufu. Kwetu ni cheo. Mganda akizaa pacha anakuwa Ssalongo, mkewe Nnalongo, na cheo hicho hakivuliwi. Nina fundi pikipiki ninayemjua mwaka wa saba sasa kwa jina la Ssalongo tu. Majina yanawangoja watoto kabla hawajazaliwa: Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na atakayefuata ni Kizza. Ukivuka kwenda kwa Waacholi unawakuta Opio na Ocen. Mwanamke aliyeitwa mgumba na mawifi (si mimi) akirudi kijijini akiwa Nnalongo, amefuta miaka yote ya masimango kwa siku moja. Usimwambie kwamba hiyo si hoja ya kitabibu. Ni hoja.

Sasa twende kwenye hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme kila kiinitete kizuri kina nafasi ya 35 katika 100 ya kushika. Wengi hudhani viwili kwa pamoja vinatoa 70. Sivyo. Katika wanawake 100 waliowekewa viwili siku moja, 42 hawatapata kitu. Wanaobaki, 58, watapata mimba, na kati yao 12 watakuwa na pacha, yaani karibu mmoja kwa kila watano.

Wachukue wengine 100, uwape kimoja kimoja. Mara ya kwanza 35 wanashika. Wale 65 waliobaki wanarudi, kiinitete cha pili kinayeyushwa na kuwekwa, na 23 zaidi wanashika. Jumla 58. Idadi ni ile ile, na pacha karibu hakuna, isipokuwa pale kiinitete kimoja kinapojigawa chenyewe, jambo ambalo hutokea mara chache. Ni kweli hesabu hii inachukulia kwamba kugandisha hakuharibu kitu. Kwa ugandishaji wa haraka wa siku hizi, kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, vingi vinaamka salama, lakini si vyote.

Kwa hiyo kuweka viwili hakuongezi watoto kwa kiasi watu wanachofikiri. Kinachofanya ni kuleta majibu mapema.

Wasweden waliipima hoja hii kwa watu halisi. Utafiti wao uliochapishwa 2004 ulichukua wanawake 661 walio chini ya miaka 36 wenye angalau viinitete viwili vizuri. Waliowekewa viwili, asilimia 42.9 walijifungua mtoto hai. Waliowekewa kimoja, na kikikosa wakawekewa kingine kilichogandishwa, walikuwa asilimia 38.8. Pengo lipo, dogo. Lakini waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, kundi la kwanza walikuwa asilimia 33.1 na kundi la pili 0.8. Ulaya ikafuata mkondo huo. Uingereza, iliyokuwa na asilimia 28 ya uzazi wa zaidi ya mtoto mmoja kwa njia hii katika miaka ya 1990, ilishuka hadi kama 6 mwaka 2019. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya kilitoa mwongozo 2024 kwamba visiwekwe zaidi ya viwili, na kimoja ndicho cha kutangulizwa. Wamarekani wanawaruhusu kuwekewa vingi zaidi wanawake wa miaka 41 au 42 wanaotumia mayai yao wenyewe, kwa kuwa mengi ya umri huo hayafiki popote.

Ila kuna jambo ambalo wanaoitaja Ulaya hapa Kampala hulipita mbio. Ubelgiji ilipobana idadi ya viinitete mwaka 2003 haikubana mikono mitupu: serikali ilikubali kulipia gharama za maabara hadi majaribio sita. Yaani walimwambia mwanamke "weka kimoja" huku wakimshikia mlango wa kurudi. Sisi tumeagiza kanuni, mlango tumeuacha Brussels.

Rudi kwenye wale 65 wa mfano wangu. Kama nusu yao hawana pesa ya kurudi kwa kiinitete cha pili, watakaopata mimba si 58 tena, ni 46. Hapo wifi yangu na hesabu yake ya safari moja anakuwa sahihi kuliko mwongozo. Bei ya safari ya pili ndiyo inayoamua kama ushauri wa "kimoja kimoja" ni mzuri au ni wa matajiri.

Kwa nini basi nilimwambia kimoja? Kwa sababu bili ya pacha nayo inakuja, ila inakuja baadaye na haiandikwi kwenye karatasi ya kliniki. Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Mama anayebeba wawili yuko hatarini zaidi kwa presha ya mimba na kifafa chake, kwa kutokwa damu nyingi, na kwa upasuaji. Watoto wanaokuja mapema mno wanahitaji oksijeni, joto, kulishwa kwa mrija, na muuguzi asiyelala. Wanaonusurika, baadhi wanabaki na mtindio wa ubongo. Kampala kuna Mulago, hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga yenye vitanda 450, iliyofunguliwa 2018, na kuna hospitali binafsi zinazotoza inkubeta kwa siku. Lakini wifi haishi Kampala. Uchungu ukimjia wiki ya 31 usiku akiwa Busia, kuna kama kilomita 200 za barabara ya malori kabla hajafika. Mtoto njiti mmoja mama anaweza kumfunga kifuani kwa ngozi, ile wanayoiita malezi ya kangaruu, na inaokoa kweli. Wawili dhaifu, kifua ni hicho hicho kimoja.

Kuna na la sheria. Katika nchi kadhaa, mimba ikitokea ya watatu au wanne, madaktari huwapa wazazi chaguo la kuipunguza ibaki na mmoja au wawili. Hapa, ibara ya 22 ya Katiba inakataza kukatisha uhai wa mtoto aliye tumboni ila kwa idhini ya sheria. Weka nia hiyo pembeni, na wengi wetu kwa dini zetu tungeiweka pembeni hata bila Katiba. Maana yake ni kwamba idadi unayoiweka siku ile ndiyo unayokaa nayo. Kwa hiyo vitatu kwa mwanamke kijana mwenye viinitete vizuri sioni wa kuvitetea.

Ninapobadilisha msimamo ni kwa mwanamke wa miaka 40 na ushee mwenye mayai yake mwenyewe. Kila kiinitete chake kina nafasi ndogo, na muda wa kungoja hana. Akiwekewa viwili baada ya kuelezwa, simlaumu, wala daktari wake simlaumu.

Lakini angalia jinsi umri unavyotudanganya. Kinachohesabiwa kwenye nafasi ya kushika ni umri wa yai, si wa mama. Mwanamke wa miaka 48 anayetumia yai la msichana wa 25 ana kiinitete kijana kabisa, chenye nguvu, ndani ya mwili ambao moyo na mishipa yake ni ya miaka 48. Huyo ndiye wa kumwekea kimoja kuliko wote, na ndiye ambaye huruma zetu hutusukuma kumwekea viwili: "mama amengoja sana, apate wawili kwa mpigo." Mwishoni mwa 2023 mama wa miaka 70 alijifungua pacha Kampala kwa upasuaji, dunia nzima ikapiga picha. Nilifurahi naye. Nilitamani pia mtangazaji mmoja aulize kwa nini pacha. (Waislamu wengi wa Kisunni watasema swali la yai la mtu mwingine halifiki hata mezani, na ndugu Wakatoliki watasema meza yenyewe haifai. Nawaheshimu, lakini wanaojaa kwenye viti vya kliniki ni wa dini zote.)

Na kliniki? Sitaki kuzipaka zote matope. Lakini bango linalotangaza "mimba" na si "mtoto aliyekwenda nyumbani" lina sababu ya kupenda viwili: wanaoshika kwa mkupuo mmoja wanaongezeka, na wodi ya njiti ni ya hospitali nyingine. Sarah Opendi, akiwa mbunge wa Tororo, alipeleka bungeni muswada wa kusimamia uzazi wa kusaidiwa. Kama ningeombwa neno moja la kuongeza, nisingeanza na idadi ya viinitete. Ningeanza na bei: kliniki iandike gharama ya jaribio ikiwa na kugandisha na uwekaji wa pili ndani yake, pesa moja, karatasi moja. Nina hakika akina mama wengi wanaosema "wawili" wangesema "kimoja" wenyewe, bila mwongozo wa mtu.

Wifi alinisikiliza, akawekewa kimoja. Hakikushika. Ndipo alipoambiwa kwamba kuyeyusha na kuweka kile cha pili, pamoja na dawa za kuandaa mji wa mimba, ni malipo mapya, na kwamba hifadhi ya tangi inalipiwa kwa mwaka. Mimi sikuwa nimeuliza. Nilimpa ushauri wa nusu, ile nusu ya hospitali, na ile nusu ya sanduku la pesa nikaiacha.

Hajanilaumu. Kaka yangu naye hajasema kitu, ingawa mazungumzo yetu ya simu yamekuwa mafupi. Wiki iliyopita wifi aliniambia biashara ya vitenge imechangamka kidogo upande wa Kenya, na kwamba Desemba atalipia hifadhi ya mwaka mwingine, kisha ataanza kuweka ya uwekaji. Safari hii alisema "kimoja".