Mmemsahau Kentrosaurus wa Lindi

Makala nzuri ila mwandishi umeandika kama vile dinosaria wote ni wa Marekani na China, sasa Tendaguru, kile kilima chenye mifupa ya dinosaria pale Lindi, umeiacha wapi? Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi wetu kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini, na yule Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu, mifupa yake imesimama makumbusho ya Berlin hadi leo, kimo mita 13 na ushee, yaani anakuchungulia dirishani ghorofa ya tatu bila hata kujinyoosha. Lakini mimi anayenikosha ni Kentrosaurus, huyu alikuwa kama mita 4 na nusu tu, tena mla majani, mgongoni kwa mbele ana vibao halafu ukienda nyuma vinageuka miiba mpaka mkiani, ukimvamia kwa nyuma umekwisha. Ubongo wenyewe kiduchu sasa 😂

Na kuku wa Jumapili ni ukoo mmoja na T. rex, yule dinosaria mla nyama, jamani, angalia ile miguu, magamba na kucha. Nilimwonyesha mwanangu mezani akagoma kula, paja nikamalizia mimi.