Doti moja, watu wawili

Mamdogo ameishi Maskati miaka mingi kuliko aliyoishi Unguja, na mpaka leo haamini chakula ambacho hakukipika mwenyewe. Kwa hiyo kiongozi wa safari alipomletea orodha ya vyakula vya kambini, yaani mikate, samaki wa kopo, tambi za dakika tatu na kuku wa kuchoma, aliisoma mpaka chini, akavua miwani, akaniuliza, "Hawa wanatupeleka jangwani au jela?"

Safari ilikuwa ya kumpongeza binamu yangu kwa kumaliza mitihani. Mimi nilitiwa humo kwa vile nilikuwa mgeni na haikuwa vizuri kuniacha nyumbani na paka. Ratiba ilikuwa nyepesi: usiku mmoja kwenye mchanga wa Sharqiya, usiku wa pili juu ya Jebel Shams, na Ijumaa asubuhi Nizwa kwenye soko la mbuzi, kisha nyumbani. Ilikuwa Januari, wakati Omani inakalika. Kiangazi mchanga ule hata ngamia anautazama kwa mashaka.

Kiongozi alifika alfajiri na Land Cruiser nyeupe. Kijana mwembamba, mwenyeji wa Bidiyah, kanzu imenyooka, kilemba kimekaa sawasawa, na maneno yake ya kuhesabu. Alifungua buti akakuta uwanja umeshapandwa: sufuria ya wali wa biriani, sufuria ya rojo, jiko la gesi, jamvi, birika mbili, na mbuzi ya kukunia nazi, ingawa nazi yenyewe haikubebwa. Akasema kwa adabu zote kwamba kitu kimoja lazima kibaki.

Likabaki begi langu.

"Siku mbili tu, mwanangu," Mamdogo alisema, akilisukumia begi ndani ya mlango kwa mguu. "Watu wa Nabii Musa walikaa jangwani miaka arubaini."

Ndivyo nilivyoingia jangwani na jinzi niliyoivaa, fulana na sweta.

Mlango wa mchanga ni Bidiyah. Hapo kiongozi alisimama kando ya gereji akaanza kutoa upepo tairi zote nne mpaka zikabaki na kama paundi 15. Tairi ikilegea inatandaa, inaukanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Binamu alielewa mara moja. Mamdogo, kusikia ile fsssss, alitoa kichwa dirishani: "Anatutoboa huyu!"

Tukaingia. Nilikuwa nimeona mchanga wa pwani maisha yangu yote, lakini ule una bahari mwisho wake. Huu ni kilomita za mraba zipatazo 12,500, na vilima vyake vingine vinakaribia mita 100 kwenda juu. Vimejipanga mistari kutoka kusini kwenda kaskazini, na aliyevipanga ni upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni kutoka kwetu. Nilitaka kumwambia Mamdogo jambo hilo, ila nilikuwa na kazi: nilikuwa nimepakata sufuria ya rojo. Buti, alisema, lina joto, rojo litachacha.

Kupanda kilima cha mchanga na gari ni imani. Unakijia kwa kasi, huachi mafuta, husimami katikati, na ukifika kileleni huoni kitu ila boneti na mbingu. Kiongozi alitueleza tujifunge mikanda na tushike vitu vyetu. Mimi nilishika.

Gari likafika juu. Pua ikainama. Mfuniko ndio uliotangulia, ukapita karibu na sikio la kiongozi ukagonga kioo. Rojo lilichelewa kidogo. Lilipanda lote kwa pamoja, nikaona vitunguu, nikaona kiazi kimoja kizima, halafu likakumbuka kwamba lina uzito. Kuanzia kitovuni mpaka magotini hapakubaki pakavu. Namshukuru Mungu lilikuwa la vuguvugu.

"ROJO LANGU!" Mamdogo akapiga ukelele, na ukelele wa Mamdogo si wa kawaida, umewahi kusimamisha daladala iliyokwisha pita kituo. Kiongozi naye akashtuka akakanyaga breki, pale pale pasipotakiwa breki, kwenye mteremko laini. Gari likaguna, likakaa. Tulipotazama, magurudumu ya mbele hayakuonekana.

Tukashuka kuchimba. Wote, isipokuwa Mamdogo.

"Khalti," kiongozi alimwomba, "ukishuka gari litakuwa jepesi."

"Waladi, nimelipa nikae ndani."

Akakaa ndani. Tukachimba yeye akiwa juu yetu, akitoa maagizo dirishani kwa Kiswahili, na kiongozi, ambaye Kiswahili hajui hata neno, akiyafuata. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na upepo umeanza kusogeza mchanga, chembe nyembamba zinazoingia puani na kati ya meno. Kwangu ziliona mahali pazuri zaidi. Samli na nyanya ziko juu ya jinzi, mchanga unaruka, na kila nikiinama na koleo unaganda tabaka jingine. Mpaka gari lilipotoka, kwa kupunguza upepo zaidi na kurudi kinyumenyume, mimi nilikuwa kama katlesi inayongoja mafuta ya moto.

Usiku ule tulikula wali wa biriani bila rojo. Kiongozi alikula sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, asiseme lolote. Makopo ya samaki yalirudi sandukuni bila kufunguliwa. Mamdogo aliliona hilo, akanitazama, na ushindi wake ukawa kamili. Nyota zilikuwepo nyingi sana. Sikuzifaidi, maana jinzi ilikuwa inakauka na ikikauka inabana.

Kesho yake ilikuwa ni njia tu: Sinaw, Izki, mchana Nizwa, halafu Al Hamra na kupanda. Gari lilinuka biriani. Kila tuliposimama kujaza mafuta, wahudumu walinusa na kutazama ndani kwa matumaini.

Jebel Shams kileleni ni kama mita 3,000, lakini huko juu kabisa ni pa jeshi. Watu hupiga kambi chini yake, kwenye ukingo wa bonde la Wadi Ghul, mahali penye mita karibu 2,000. Ardhi inakwenda vizuri tu, mawe na mireteni, halafu inaisha. Huoni dalili ya kukuonya. Unasimama, na mbele ya vidole vyako ni upenyo wa kina cha karibu mita 1,000. Binamu alilala kifudifudi kutazama chini. Mamdogo alitazama kwa kukaa garini umbali wa kutosha, akasoma Ayatul Kursi.

Kiongozi alisimamisha mahema, akatuonyesha kwa kidole jiwe moja. Juu ya jiwe palikuwa na mbuzi. Manyoya marefu, ndevu, macho yale ya manjano yenye mstari uliolala. Alikuwa hatuangalii sisi. Alikuwa anaangalia jinzi.

"Kila kitu ndani ya gari," kiongozi alisema. "Chakula, viatu, mifuko. Hawa wanakula mpaka kamba ya hema."

Hapo ndipo Mamdogo aliponionea huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, sitamdhulumu. Alisema hawezi kuniacha nilale katika hali ile, akaomba kikombe cha maji na sabuni ya vyombo, akaifua jinzi kwa mikono yake, palipokuwa na rojo akalisambaza hata pasipokuwa nalo. Kisha akaianika kwenye tawi la mreteni, juu kabisa. Nikamkumbusha habari ya gari. "Ikilala garini mbichi itaoza. Hapo mbuzi hafiki." Mama huyu amekulia Ng'ambo, Unguja, na mbuzi aliowajua yeye walikuwa na heshima.

Akafungua mkoba wake akatoa doti ya kanga, nyekundu na nyeupe, bado ina ugumu wa dukani. Kipande kimoja akajitanda mwenyewe juu ya baibui, maana baridi ilikuwa imeanza kuuma. Kingine akanirushia. "Jifunge hicho ulale. Na usikichafue, cha watu hicho."

Usiku nikasikia mtu anatafuna. Alitafuna taratibu, bila pupa, akapumzika, akaendelea. Nilidhani kiongozi kaufungua ule mkate. Kulipopambazuka nikatoka hemani, na juu ya mreteni, juu kabisa pale asipofika mbuzi, palikuwa na mbuzi. Mguu mmoja wa jinzi haukuwepo tena. Mwenzake alikuwa chini anauvuta wa pili. Kiongozi akapiga makofi, aliye juu akaruka, jinzi ikanasa kwenye pembe zake, na akakimbilia upande uleule ambao mtu mwenye akili hakimbilii. Alifika ukingoni akasimama kwa miguu minne juu ya jiwe lisilotosha sahani, akatikisa kichwa mara moja.

Jinzi ikaenda. Sikuisikia ikifika.

Wasichana wawili wa hapo mlimani, ambao asubuhi huja kambini kuuza vikuku vya sufu, walishuhudia yote. Mmoja alikuja taratibu akanionyesha kikuku cha rangi nyekundu na nyeupe, kinachofanana na nilichojifunga. Mamdogo akamnunulia binamu.

Mtu atauliza kwa nini sikuazima nguo. Kanzu ya kiongozi ilinikwama mabegani, na ile shuka ya kiunoni ambayo Waomani huivaa chini ya kanzu alikuwa nayo moja, ameivaa, na yapo mambo ambayo binadamu hamwombi mwenziwe. Suruali ya binamu ilinifika kwenye mapaja. "Tutanunua Nizwa," Mamdogo akaamua. "Lakini kwanza soko. Mbuzi hawangoji."

Na kweli soko la mbuzi la Nizwa halingoji. Linaanza alfajiri ya Ijumaa chini ya kuta za ngome, na jua likishachangamka kila mtu ameshakwenda zake kujitayarisha na sala. Limekaa duara. Wanunuzi wanajipanga nje na ndani, wauzaji wanazunguka katikati wakivuta wanyama kwa kamba na kupaza bei, na anayempenda mnyama humsimamisha, humpapasa mgongo, humfungua mdomo. Wanaume wote pale wana kanzu safi na fimbo. Katikati ya umati huo nikatokea mimi: sweta, viatu vya kamba, na kanga. Pembeni yangu Mamdogo, na kipande cha pili. Sare.

Nikajipa moyo kwamba angalau hakuna atakayesoma jina la kanga. Nilikuwa nimejifunga usiku gizani, na maandishi yalikuwa yamekaa nyuma, wazi kabisa.

"Japo sipati, tamaa sikati," ikasema sauti nyuma yangu, kwa lafudhi ya Pemba isiyo na shaka.

Nikageuka. Mzee mwenye ndevu nyeupe, fimbo kwapani, mbuzi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hupati nini, mwanangu?"

"Suruali, mzee."

Alicheka mpaka akaegemea mbuzi. Kisha akawaita wenziwe, na hapo ndipo nilipojua ni wazee wangapi wa Nizwa waliokula ujana wao Wete, Chake na Malindi ya Unguja. Walikuja mmoja mmoja, wakinizunguka nyuma kusoma wenyewe kwa macho yao. Mmoja alisema kanga hiyo ni ya mtu anayetaka mke. Mwingine akasema la, ni ya mke aliyenyimwa. Wa tatu alitaka kujua yule mama mwenye kipande cha pili yeye anapata au hapati, na Mamdogo akamjibu jibu ambalo siliandiki hapa. Ngome iliyokuwa imetusimamia ilijengwa na Imamu Sultan bin Seif, na mwanawe Seif bin Sultan ndiye ambaye watu wake waliitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, baada ya kuizingira miezi 33. Wareno walikuwa na kuta. Mimi nilikuwa na fundo moja kiunoni.

Yule mzee wa kwanza akaona afadhali nipate japo kitu. Akaweka kamba ya mbuzi wake mkononi mwangu. Riali 110. Mamdogo akaruka: "Huyu? Macho yake ya mwizi!" Wakaanza kupatana kwa Kiswahili kitamu cha zamani, wakaapizana, wakaulizana ukoo, wakagundua kwamba shangazi ya mmoja alikuwa jirani ya somo wa mwingine, bei ikashuka kwa ajili ya jirani hadi 90. Wakati wote huo kamba ninayo mimi, mkono wa kulia. Wa kushoto nimeshika fundo. Kwa hiyo mbuzi alipoanza na pindo la kanga, sikuwa na mkono wa tatu.

Binamu alikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa kwenye simu.

Maduka ya kanzu yalipofunguliwa nilinunua kanzu ya kwanza niliyoonyeshwa, fupi, ya rangi ya maziwa yaliyokaa. Kiongozi alimtazama mbuzi, akatazama gari la kampuni, akasema kanuni haziruhusu wanyama. Mamdogo akamkumbusha sahani tatu. Akafungua buti.

Tulikuwa hatujafika Izki simu yangu ikalia. Mama, kutoka Unguja. Video ya binamu ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo, na kumbe ameitazama zaidi ya mara moja.

"Mwanangu, nimekuona," alisema. "Sasa mpe simu huyo mdogo wangu. Muulize ile doti niliyomwazima Idi ya mwaka juzi, akaniambia imepotea kwa dobi."