Farasi Saba wa Ami

Ami yangu alistaafu ukarani wa mahakama akiwa na mambo mawili mkononi: kiinua mgongo, na imani kwamba chochote kilichoandikwa kwenye kibandiko ni ushahidi tosha. Kwa kiinua mgongo alinunua boti ndogo ya kuchukulia wageni kutoka Forodhani, mjini Unguja, hadi kisiwa cha Changuu, mwendo wa kilomita tano na ushei, yenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 18. Kwa imani alinunua altaneta.

Altaneta hiyo, mashine inayozungushwa na injini kwa mkanda ili izalishe umeme, aliipata kwa muuza vipuri vikuukuu vinavyoletwa kutoka Dubai. Mchukuzi aliyeileta hadi pwani alilazimika kuitua njiani apumzike, na ubavuni mwake palikuwa na kibandiko kilichotaja ampea 200. Ile iliyokuwemo kwenye injini ilitoa ampea 55, ambazo zilitosha kuchaji betri ya kuwashia injini na kuendesha taa mbili na redio ya nahodha, lakini Ami alikuwa amekwisha kuvuka mpaka wa kutosheka. Alitaka friji, mashine ya barafu, blenda ya juisi na spika za kupigia taarabu. Juu ya hayo alitaka mota ndogo ya umeme ya kuning'iniza tezi, ili boti ikikaribia kisiwa izime dizeli na kuingia kimyakimya, isije ikawashtua wale kobe wakubwa ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli. Nilimkumbusha kwamba kobe hao wako nchi kavu, ndani ya ua, na kwamba kwa umri wao wamekwisha kusikia makelele ya kila namna. Alinijibu kwamba kobe hawakuitwa kutoa ushahidi.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na kwa kuwa ni mtoto wa ndugu yake, kwake nilikuwa pia fundi wa bei ya udugu. Hata hivyo nilimweleza kwa adabu.

"Ami, umeme huu hautoki hewani. Ampea 200 kwa volti 14 ni wati 2,800. Karibu nusu ya nguvu inayoingia kwenye altaneta hupotea kwa joto, kwa hiyo injini itabidi itoe wati 5,000 hivi. Hao ni farasi karibu saba."

"Na wanaobaki?"

"Kumi na mmoja, tena hao ni injini ikizunguka kwa nguvu zake zote. Ikienda polepole wote 18 hawapo."

"Wako wapi?"

"Hawajazaliwa, Ami."

Alikisoma kibandiko mara ya pili, akatamka kwamba hakuna mahali kinapotaja farasi, na kwa hiyo shauri limefungwa. Nilijaribu kukata rufaa kwa upande wa mkanda. Injini ilikuwa na mkanda mmoja mwembamba, na mkanda wa namna ile ukipewa altaneta ya zaidi ya ampea 100 huteleza, hulia, na mwishowe huungua. Nilishauri zinunuliwe puli mpya na mkanda mpana wa mifereji. Hoja hiyo aliiahirisha hadi msimu mwingine, kwa kuwa fedha iliyokuwa imebaki alikuwa amekwisha kuinunulia betri za lithiamu.

Betri hizo ndizo zilizonitia hofu zaidi. Betri za kawaida za maji ya asidi zina haya: kadiri zinavyojaa ndivyo zinavyokataa kuongezewa, na altaneta hupata nafasi ya kupumua. Za lithiamu hazina haya hata kidogo. Hupokea kila ampea unayozipa tangu tupu hadi karibu na kujaa, na zikiona zimezidiwa hazikuonyi, bali saketi ya ulinzi iliyomo ndani yake hukata mawasiliano papo hapo, nayo altaneta ikabaki imebeba umeme usio na pa kwenda. Yote haya niliyaandika kwenye daftari la Ami. Aliyasoma, akatia sahihi, akaandika chini yake: "Yamesomwa." Kisha nikafunga kama nilivyoagizwa.

Nahodha wetu, mzee wa Kojani ambaye alikwenda baharini kabla ya kwenda chuoni, aliitazama kazi ilipokwisha, akaitazama injini, akasema, "Maskini! Mume mmoja, wake wawili, rafadha na altaneta, na mke mdogo ndiye mnene." Bimkubwa, mkewe Ami, aliposikia maneno hayo alimgeukia mumewe na kumwuliza kwa sauti ya upole sana kama kuna habari nyingine yoyote ambayo angependa kumpa siku hiyo.

Safari ya majaribio ilifanyika Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na abiria walikuwa jamaa na majirani, waliovaa vizuri kwa kuwa walijua kuna picha. Usiku uliotangulia Ami aliiacha mashine ya barafu ikifanya kazi hadi alfajiri, kwa hiyo betri zilianza safari zikiwa na njaa kali. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilianzia huko huko ngamani, nimechuchumaa kando ya sanduku la injini, spana mkononi.

Altaneta haikuamka mara moja, kwa kuwa ya aina ile huanza kuzalisha pale tu inapofikia mizunguko ya kutosha. Nahodha alipoongeza mafuta ili tuondoke bandarini, iliamka. Injini iliguna, moshi mweusi ukatoka nyuma, na boti, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kukata maji, ikapunguza mwendo. Ami akaamuru mafuta yaongezwe. Mkanda ukaanza kulia kwa sauti nyembamba iliyokaribiana sana na ya fidla, hata jirani mmoja akadhani ni taarabu imeanza na akatingisha kichwa kwa heshima.

Sasa ikazuka kesi nyingine. Saa ya mizunguko ya injini ile husoma kasi kwa kuhesabu mapigo ya umeme kutoka kwenye altaneta, na kwa kuwa mkanda ulikuwa ukiteleza, mshale ulishuka ingawa injini ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zake zote. Ami aliona mshale umeshuka, akatoa hukumu kwamba injini imelala, akausogeza mkono wa mafuta hadi mwisho na kuushikilia hapo kwa kiganja chake mwenyewe. Nilipaza sauti kwamba nichomoe waya mdogo wa altaneta ili iache kuzalisha. Alinijibu kwamba friji ina soda za watu.

Katikati ya safari tulipitwa na ngalawa ya wavuvi iliyokuwa ikisukumwa na upepo mdogo tu. Walitusalimu, wakauliza kama tunahitaji kuvutwa, na Ami akawajibu kwa niaba yetu sote kwamba tuko kwenye majaribio. Muda wote huo mkanda ulikuwa ukitoa unga mweusi ulioniingia puani, na harufu ya mpira unaoungua ilimfanya Bimkubwa aulize ni nani anayechoma kandambili.

Tulikuwa tumekaribia Changuu Ami alipokumbuka dawa ya barabarani. Madereva wengi wanaijua: mkanda ukiteleza, umwagie soda, sukari inate, ushike. Mimi siipendi dawa hiyo hata kwenye gari bovu, kwa kuwa hunata kwa kitambo kidogo na kuharibu mkanda kwa maisha yake yote yaliyobaki, lakini Ami alikuwa amekwisha kufungua chupa mbili kwa mkono wake na kunikabidhi mbele ya mashahidi. Nikamimina.

Puli inayozunguka kwa kasi haipokei soda bila kuigawa. Sehemu kubwa ya kinywaji ilirudi juu ikiwa imechanganyika na unga mweusi wa mkanda, ikatandaza mstari ulioanzia usoni kwangu, ukapita kwenye kanzu nyeupe ya Ami na kuishia kwenye kofia ya jirani mpenda taarabu. Sehemu ndogo iliyobaki ilifanya kazi yake barabara. Mkanda ulishika.

Altaneta, ambayo tangu Forodhani ilikuwa ikitoa kiasi tu, ilipata kwa mara ya kwanza farasi wake wote saba na kuzimwagia betri ampea nyingi kuliko zinazoruhusu. Saketi ya ulinzi ikakata. Umeme uliokosa pa kwenda ukapandisha volti ghafla, taa zote zikawaka kwa mng'ao ambao hazikuwahi kuwa nao, spika ikatoa mlio mmoja na kunyamaza milele, blenda ikajizungusha tupu, kisha kila kitu kikazima. Na kwa kuwa altaneta sasa haikuwa na mzigo wowote, farasi saba wakarudi kwenye rafadha kwa mpigo mmoja, huku kiganja cha Ami kikiwa bado kimeushikilia mkono wa mafuta mwishoni kabisa.

Boti ilichupa. Waliokuwa wamesimama wakaketi, na waliokuwa wameketi wakalala. Ami alizungusha ufunguo ili kuzima injini, haikuzima, akazungusha tena, kumbe kizimio cha injini ile kinahitaji umeme ili kifunge mafuta, na umeme ndio kwanza tulikuwa tumeuteketeza. Mbele yetu kulikuwa na boti ya wageni imetia nanga. Nahodha, ambaye ndiye peke yake aliyeendelea kufanya kazi yake ya siku zote, alilaza usukani, tukaipita kwa nafasi ya kafi moja, akatupeleka kwenye mchanga mtupu, nami wakati huo nikafanikiwa kuufikia mkono wa pampu na kukata mafuta kwa kidole. Kimya kikatawala. Tuliingia Changuu bila kelele ya dizeli, kama Ami alivyokusudia.

Maji yalikuwa yakipwa, kwa hiyo haikuchukua muda boti ikalalia ubavu. Betri zilipokubali kurudi kazini tuliijaribu ile mota ya umeme itunasue, lakini inakula ampea 50 kwa volti 12, yaani wati 600, ambazo hazifiki hata farasi mmoja. Ilichimba shimo zuri mchangani. Bimkubwa na abiria wengine wakarudi mjini kwa boti ya jirani isiyo na friji, wakachukua soda zote zilizobaki, na sisi watatu tukabaki kungoja maji yajae, jambo lililotuweka pale hadi karibu na usiku wa manane.

Katika kungoja huko Ami alipata fikra. Kwa kuwa mota inazunguka, kwa nini altaneta isifungwe kwenye mota, ichaji betri zinazoizungusha mota? Nilimhesabia taratibu: zikitoka wati 600, mota itabakiza 450 hivi, altaneta itarudisha nusu yake, na hapo hata rafadha tumeivua. Nahodha aliongeza kwamba hata yeye, ambaye hajui wati, hajawahi kuona samaki aliyeshiba kwa kula mkia wake. Ami aliandika yote mawili kwenye daftari.

Matengenezo yalifanyika baadaye kwa bei isiyo ya udugu. Altaneta ilitiwa dayodi mpya, ukaja ule mkanda wa mifereji na puli zake, na nje yake nikafunga regyuleta inayoizuia isizidi nusu ya uwezo wake na isianze kazi mpaka injini ichangamke. Kando ya usukani kuna swichi ya kuipumzisha kabisa, ambayo nahodha ameibandika jina la mke mdogo. Friji inapoza, boti inakwenda.

Juzi Ami aliniita barazani, akafunua daftari, akanionyesha picha ya kinu kidogo cha upepo cha kuzalishia umeme chenye kibandiko cha wati 400. Alitaka kujua kama naweza kukifunga mbele ya feni. Nilimwambia naweza, lakini nalipwa kwanza.