Maji yaende wapi?

Mtu akikuambia anataka kutembea Lamu mwambie karibu, ila akiwa ni shemeji yangu wa Nairobi, jifiche. Jamaa alishuka pale uwanja wa ndege wa Manda na raba nyeupe pee, mpya, bado zinanuka duka, anaingia nazo mji wa vichochoro na punda wanaojisaidia popote.

Mji tuliuzunguka. Ngome ile ya 1821, milango ya nakshi, yote akapiga picha, na kila punda akipita yeye anajibana ukutani kama gundi kulinda viatu. Halafu eti Lamu imeisha, anataka kuona mashamba na mapori huko nje. Haya, nikamtafutia mashua twende kwenye magofu ya Takwa.

Sasa Takwa iko upande wa pili wa kisiwa cha Manda na huendi tu unavyotaka, unapitia mkono wa bahari mwembamba katikati ya mikoko, maji yakijaa unapita, yakitoka umekwisha. Nahodha, mzee wa kijiji cha Shela hapo Lamu, alisema wazi, "Wanangu, nikipiga mbinja mje mbio, maji yatatoka." Shemeji akaninong'oneza, "Maji yaende wapi, si ni bahari hii?"

Na Takwa penyewe ni patamu buana. Mibuyu, magofu ya mji uliohamwa karne ya 17, msikiti una nguzo kubwa imesimama juu ya kibla, na nje ya ukuta kuna kaburi la mnara limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, kwa hesabu za kizungu ni kama 1682 au 83. Watu wa Shela mpaka leo huvuka kwenda kuomba mvua pale. Shemeji hayo hayamhusu, anatafuta mwanga wa selfi. Mbinja ikalia, "Dakika mbili mzee!" Ikalia tena, "Naja mzee!" na anazidi kupotelea huko nyuma ya mibuyu, mimi namfuata namvuta shati.

Tulipofika chini mashua imelala ubavu kwenye tope, maji ni kamstari tu kanang'aa huko mbali. Jamaa akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza kwa hasira, "Nani ameyatoa?"

Tukashuka tusukume. Tope la mikoko usilichezee, mguu wa shemeji ulizama hadi gotini, akavuta, akavuta, mguu ukaja, raba ikabaki. Akaingiza mkono mpaka kwapani kuitafuta, uso umegusa tope, tukasikia ukelele, mkono ukatoka na kaa ananing'inia kidoleni. Nahodha hata hakuinuka, anatafuna tambuu yake, "Muache mwanangu, huenda ndiye mwenye nyumba."

Tukakaa hapo mpaka usiku, mbu wa mikoko wanatugawana, chakula ni yale mahamri ambayo asubuhi shemeji aliyakataa kwamba yana mafuta mengi. Nilipoamka kutoka kausingizi mfuko mtupu.

Maji yakarudi, tukafika gati la Lamu usiku wa manane. Dadangu yuko pale na tochi, akammulika mumewe kuanzia kichwani kushuka chini, tochi ikasimama miguuni.

"Na kiatu kingine?"

Nahodha akamjibu huku anafunga kamba, "Kiko Takwa, mama. Saa hizi ni mali ya makumbusho."