Dawa za mitishamba za vidonda: panya wametosha, sasa tupime kwa watu

Hapa Uganda ukijikata na panga shambani hakuna anayekimbilia duka la dawa kwanza, mtu anachuma ssere (lile gugu la black jack) pale pembeni, anafikicha majani kwenye viganja mpaka yatoe maji ya kijani, anakukamulia juu ya kidonda na damu inakata. Nimeiona tangu utotoni na naiamini kabisa. Lakini kukata damu ni jambo moja, kidonda kupona bila kuoza ni jambo lingine, na hapo ndo naona watafiti wetu wanatuacha njiani.

Maana tafiti nyingi za mitishamba ya vidonda zinaishia sehemu mbili. Kwanza maabara, majani yanakaushwa yanasagwa yanalowekwa kwenye spiriti, halafu dawa inatiwa kwenye sahani yenye bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, wanapima ile duara ambayo bakteria wameshindwa kuota. Pili panya, ananyolewa mgongo, anakatwa kidonda, kinapimwa kila baada ya siku kadhaa mpaka kizibe. Sawa, pa kuanzia pazuri. Ila panya ana msuli mwembamba chini ya ngozi unaovuta kingo za kidonda zikutane, sisi binadamu kidonda chetu kwa sehemu kubwa kinajaza nyama mpya kisha ngozi inatambaa juu yake. Halafu nyumbani nani analoweka majani kwenye spiriti? Tunatwanga mabichi, saa nyingine na vumbi lake, na vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo huo huo na kwenye mavi ya ng'ombe. Kama unapima, pima dawa vile watu wanavyoitumia!

Na kusema "nilipaka nikapona" hakutoshi jamani, kidonda kidogo kinapona chenyewe hata usipopaka kitu. Lazima kulinganisha. Chukua watu wa boda, wanaungua na ekzosi kila siku, tena pale pale kwenye shavu la mguu. Wote wasafishwe kwa maji safi, kwa kura nusu wapate kigagi (alovera), nusu wafungwe kama kawaida ya kituo cha afya, na anayepima kidonda asiambiwe nani alipata nini. Hiyo haihitaji mashine ya mabilioni. Asali ilipita njia hiyo hiyo ya kupimwa kwa watu, na imeonekana inaponyesha majeraha ya moto yasiyo ya kina haraka kuliko baadhi ya bandeji za kawaida, sasa kuna asali ya hospitali inayouliwa vijidudu kwa mionzi ya gama. Kwa nini isiwe kigagi chetu? Taasisi ya serikali ya kutafiti dawa za asili ipo pale Wandegeya, Kampala, tangu miaka ya 60, Mbarara chuo kikuu kina kituo chake, sheria ya tiba za asili ilipita 2019. Watu tunao.

Kitu kimoja tu siwezi kukubali ni kupaka kila kidonda bila kujua ni kidonda gani. Ule ugonjwa unaoitwa kidonda cha Buruli dunia nzima umepata jina kutoka kwetu, Buruli ya Nakasongola. Unaanza kama kauvimbe kasikouma, baadaye kanapasuka na kula ngozi, na dawa yake ni antibayotiki, rifampicin na clarithromycin kwa wiki 8. Ukikaa miezi unabandika majani mguu unaendelea kuliwa. Kwa hiyo utafiti wowote uanze na kumpima mgonjwa, pamoja na sukari, kabla jani halijaguswa.

Na yule jajja (babu au bibi) aliyewaonyesha watafiti mti msimwache kijijini na asante ya mdomo. Mrudishieni matokeo kwa lugha yake, jina lake liandikwe kwenye ripoti, na kama dawa itauzwa, naye apate fungu lake kwa maandishi, sio kwa ahadi.