Kilo Nne na Robo

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli kuhusu laptopu yangu alikuwa muuza vitunguu.

Tulikuwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, mimi na mpwa wangu, jua la saa saba likituchoma utosi. Dukani walikuwa na kila kitu isipokuwa mzani, na mimi nilikuwa nimeshika msimamo: sinunui mashine bila kujua uzito wake, maana kazi yangu ni ya kutangatanga. Nachora ramani za nyumba. Wateja wako Dar, wako Dodoma, wako Mwanza, na mteja wa siku hizi ukimpa ramani ya mistari anakuona tapeli. Anataka akae kwenye kochi aione sebule yake ikizunguka kwenye kioo, mapazia yanapepea, kama vile keshahamia. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa inapika picha moja ya sebule kuanzia Isha mpaka adhana ya alfajiri, na siku nyingine naamka nakuta imejizima, sebule hakuna.

Basi kijana wa dukani akatoka nayo nje kaikumbatia kama mtoto mchanga, akaomba msaada kwa muuza vitunguu wa barabarani. Yule mzee akapangusa sahani ya mzani kwa shati lake, akaiweka, akafumba jicho moja.

"Tatu na kidogo. Na hilo tofali je?"

Tofali lilikuwa ni chaja. Akalipandisha juu yake.

"Nne na robo. Nikufungie?"

Ningekuwa na akili ningeondoka pale pale. Maana ndani kulikuwa na nyingine, inchi 14, kilo moja na nusu, chaja yake inaingia mfuko wa koti, na nilikuwa nimeshaanza kuipenda. Mpwa wangu akanishika kiwiko, akanivuta pembeni.

"Anko, laptopu hainunuliwi kama shati. Angalia kadi."

Akanipa somo ambalo, lazima niseme, halikuwa la uongo. Kwamba jina la kadi ya picha, ile sehemu ya ndani inayochora picha za kwenye kioo, peke yake halikuambii kitu: RTX 4060 ileile ukiiweka kwenye mashine nyembamba inapewa wati za kubana matumizi, ukiiweka kwenye mashine nene inapewa zaidi ya mia, kwa hiyo ni mapacha lakini mmoja kala, mwenzake kashinda njaa. Kwamba 4060 na 4070 za laptopu zote zina memori ya GB 8, na sebule yenye makochi na mapazia mengi inazijaza zote mbili. Ukitaka kupumua, nenda 4080, ina GB 12. Yote ni kweli, nilikuja kuyahakiki. Asichoniambia ni kwa nini kijana wa miaka kumi na tisa anayelala sebuleni kwangu anajua memori za kadi kuliko anavyojua tarehe ya mtihani wake.

"Na betri?" nikauliza.

"Betri zote ni zilezile tu, anko."

Hata hapo hakuwa mbali na ukweli. Betri ya zaidi ya wati-saa 100 haipandi ndege bila kibali cha shirika, ndiyo maana hata mashine kubwa kabisa zinaishia 99. Yaani mnyama hata awe mkubwa kama meza, tumbo lake lina mwisho. Njaa yake ndiyo haina.

Nikanunua ile kubwa. Inchi 18, RTX 4080, chaja ya wati 330, milioni sita na ushee. Nyumbani mke wangu aliuliza bei nikamtajia. Nilimtajia bei ya chaja.

Wiki za mwanzo, niseme haki ya Mungu, nilifaidi. Sebule iliyokuwa inalala usiku kucha ikawa inaiva kabla chai haijapoa. Kelele zilikuwepo: ikianza kazi feni zinanguruma kiasi kwamba jirani alikuja kuuliza kama tumenunua jenereta. Kibodi nayo inawaka nyekundu, bluu, zambarau, kama basi la mkoani usiku. Kwenye treni ya SGR kwenda Dodoma abiria wa pembeni aliniuliza kwa heshima kama mimi ni DJ. Kwenye ndege ya Mwanza, begi la mkononi mwisho kilo saba, nilibakiwa na nafasi ya suruali moja na mswaki. Nikavumilia. Kazi zilikuwa zinaingia.

Halafu ikaja Tabata.

Mteja alikuwa mzee mstaafu wa reli, kapata mafao yake, ana kiwanja Kibaha, anataka nyumba ya vyumba vitatu. Akanipigia: "Njoo Jumamosi saa kumi na moja, fundi, utuoneshe hiyo nyumba inayotembea. Watakuwepo watoto na shemeji zangu." Hakusema kwamba Jumamosi hiyo ni siku ya mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Nami, mtoto wa Dar mzima, sikukumbuka. Mpaka leo hilo naona aibu kulisema kuliko yote yanayofuata.

Nilitoka Sinza kwa bodaboda, begi mgongoni. Tulipofika Shekilango nikahisi mgongo una joto. Nikasema jua. Tulipokata barabara ya Mandela mgongo ukawa unaungua kabisa, na begi linatetema. Nikasema pikipiki. Dereva akageuza shingo.

"Bosi, umebeba mtungi wa gesi?"

"Kompyuta."

"Mbona inachemka?"

Nikamwambia aangalie barabara.

Nafika, sebule imejaa. Wanaume saba, nusu jezi ya kijani na njano, nusu nyekundu, televisheni inapiga kelele, feni ya juu inazunguka, mapazia yamefungwa ili kioo kionekane vizuri. Nikatoa shikamoo ya jumla, nikapewa marahaba ya jumla bila mtu kunitazama. Mzee, skafu ya Wananchi shingoni, akanionesha kigoda karibu na televisheni.

"Keti, mwanangu. Tutaitazama nyumba wakati wa mapumziko."

Nikaketi, begi katikati ya miguu. Dakika kama ya ishirini hivi, umeme ukakatika mtaa mzima. Lakini televisheni haikuzima! Chini ya meza kuna inveta, imefungwa kwenye betri ya gari, imeandikwa wati 500. Wote wakampigia mzee makofi. Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeyaona hayo tangu mwaka juzi.

Shemeji wa jezi nyekundu ndiye aliyeanza kunitazama vibaya.

"Kijana, begi lako linanguruma."

Kweli lilikuwa linanguruma. Sasa hapa inabidi niwaeleze jambo ambalo mimi nililijua baadaye. Laptopu ukifunga kifuniko inatakiwa ilale. Yangu ilikuwa hailali. Mpwa wangu alikuwa kaingia kwenye mipangilio akaiamuru kwamba hata kifuniko kikifungwa iendelee kuwa macho, ili gemu lake lipakuliwe usiku mimi nikidhani mashine imezimwa. Kwa hiyo kuanzia Sinza mpaka Tabata nilikuwa nimebeba mgongoni jiko lenye moto, limefungiwa ndani ya begi, linakula betri yake lenyewe.

Mimi nikawaza kifundi: kama imechemka basi chaji imeshuka, na baada ya robo saa natakiwa nioneshe nyumba. Nikatoa tofali taratibu, nikaona soketi moja wazi kwenye ekstensheni nyuma ya televisheni. Sikuomba ruhusa. Nani anaomba ruhusa ya kuchaji laptopu?

Nikachomeka.

Sekunde moja. Sekunde ya pili. Kwenye televisheni mshambuliaji kaanguka ndani ya boksi, refa kaweka filimbi mdomoni, mkono kaunyoosha kwenye nukta nyeupe. Penati! Ya timu gani sitasema, nina wateja pande zote mbili. Sebule nzima wima, viti vinaanguka, nusu wanalia, nusu wanakumbatiana.

Piiiii, inveta ikasema.

Halafu kimya. Feni ikawa inamalizia mizunguko yake ya mwisho, polepole, tunaisikiliza.

Wati 500 za kwenye karatasi si wati 500 za betri ya gari iliyochoka. Televisheni, king'amuzi, feni na taa ilikuwa inavibeba kwa kujikaza. Mimi nilimwongezea mnyama mwenye njaa, tumbo tupu, anayevuta karibu mia tatu kwa mkupuo. Waliiwasha tena mara tatu. Mara tatu ikalia pi, ikalala. Mara ya nne mtoto wa mzee akafuata waya kwa mkono, polepole, kutoka kwenye ekstensheni, akapita nyuma ya meza, akafika kwenye kigoda changu.

"Hiki nini?"

"Chaja."

"Ya nini? Ya trekta?"

Mjukuu akatoa simu, lakini wanaume saba hawatoshi kwenye simu moja. Ndipo mzee, Mungu amjalie, akanitetea bila kujua: "Fundi si ana kompyuta? Mtoto, mwashie intaneti, tutazame humo."

Nikaona hapa ndipo nitakapojisafisha. Kioo inchi 18! Nikaitoa, ya moto kama chapati, nikaiweka juu ya stuli, nikafungua kifuniko. Ikatokea picha nzuri, uwanja wa kijani, wachezaji wamesimama, mashabiki wamejaa majukwaani.

"Ahaa!" wakasema wote, wakasogea.

Tukatazama. Mchezaji mmoja anajinyoosha. Mwingine anafunga kamba za kiatu. Mzee akavaa miwani.

"Mbona leo wote Wazungu?"

Lilikuwa gemu. Mpwa wangu alikuwa kaliacha wazi katikati ya mechi yake, na kompyuta ilikuwa inalichezesha tangu asubuhi, kwa nguvu zote za RTX 4080. Kwenye kona ya kioo betri inasema asilimia sita.

Nikalisukuma gemu pembeni, sikupata hata muda wa kulifunga maana lilikuwa linaniuliza maswali, nikafungua matangazo ya mpira. Feni zikapanda. Sauti ya mtangazaji ikawa inatoka kama mtu anayeongea akiwa nyuma ya lori. Lakini picha ilikuja, safi, na kumbe tulikuwa hatujachelewa: mpigaji ndiyo kwanza anauweka mpira kwenye nukta. Sebule ikashusha pumzi. Mtu akanipiga begani, "fundi bwana!"

Wakati huo huo baa ya jirani, yenye jenereta, ikalipuka. Mayowe, vuvuzela, mabati yanagongwa.

Matangazo ya intaneti yanachelewa. Kila mtu mle ndani akalifahamu jambo hilo kwa wakati mmoja. Kwenye kioo chetu mpigaji bado anarudi nyuma, anahesabu hatua.

"Kafunga!" akasema shemeji.

"Kakosa! Hao ni watu wetu, nazijua sauti zao!"

"Baa ile ina watu wa pande zote!"

"Nyamazeni!" mzee akanguruma. "Mimi naona hapa kwamba bado hajapiga."

Asilimia mbili. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naitazama ile kona. Mpigaji akasimama. Akatazama golikipa. Akaanza kukimbia, hatua moja, mbili, akapunguza kidogo kama wanavyofanya, akanyanyua mguu.

Kioo kikawa cheusi. Tukajiona wote humo ndani, wanaume wanane, midomo wazi.

Sitaeleza yaliyosemwa. Mama mwenye nyumba alichungulia kutoka jikoni, akaona televisheni imezima, akauliza kama sasa watu wanaweza kunywa chai. Hakuna aliyemjibu. Mzee ndiye aliyekuja kuongea, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

"Fundi. Nyumba yangu ina vyumba vingapi?"

"Vitatu, mzee. Kimoja masta."

"Unaweza kuichora kwa mkono?"

"Naweza, mzee."

"Basi njoo Jumatatu na karatasi." Akainyooshea kidole laptopu, bila kuigusa. "Hiyo usije nayo."

Nje giza lilikuwa linaingia. Nikapata bodaboda mwingine, akaliinua begi kidogo kunisaidia kulivaa, akaguna. Nikamuuliza penati ya kipindi cha kwanza iliishaje.

"Kaupaisha, bosi. Mpira umekwenda nao mazima, kama ndege."

Kwenye foleni ya Ubungo nikatoa simu. Kulikuwa na ujumbe wa mpwa wangu, wa tangu saa kumi na moja na nusu.

"Anko shikamoo. Tafadhali usilifunge lile gemu, naongoza mbili bila na sijasevu."